Tangazo la Kusi Limetoka, Nani Analipia Kubaki?

Kila kipupwe tangazo linakuja: upepo wa kusi unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, pwani ya Bahari ya Hindi pamoja na Unguja na Pemba. Wananchi wachukue tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa imefanya kazi yake, sina ugomvi nayo. Lakini nenda pwani siku hiyo uone. Mafuta ya mashine yamekopwa, barafu imekopwa, tajiri wa chombo anasubiri mgawo wake, na nyumbani hakujapikwa. Nahodha anaitazama bahari, anaona imechafuka, anaondoka. Utamwambia nini asichokijua? Kusi kalijua tangu utotoni.

Kinachompeleka ni hesabu. Kughairi kuna gharama, na gharama hiyo inamwangukia mwenye kidogo kuliko wote.

Kilimanjaro nako ni hayo hayo. Mgeni kalipa dola nyingi ambazo hazirudi akiishia njiani, kwa hiyo saa sita usiku anatoka kambi ya Kibo Hut, mita 4,720, kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, huku kichwa kinampasuka na anatapika. Ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ni kushuka, basi. Ila angalau yeye ana koti la maana. Mpagazi kabeba mzigo huku anatoka jasho, mvua ikamkuta na jinzi ya mtumba. Pamba ikilowa haikauki kule juu. Inamnyonya joto usiku kucha. Sufu hata ikilowa inasaidia. Mwenzako akitetemeka, mwili bado unapambana. Ogopa akiacha kutetemeka na hajapata joto, ulimi unakuwa mzito, anapepesuka kama mlevi. Mvue nguo zilizolowa, mfunike mpaka kichwa, mpe chai ya sukari kama anameza vizuri, mtafutie msaada upesi. Pombe hapana, hata akitokea wa kuapa kwamba inapasha.

Watu wa pwani hucheka ukiwatajia baridi. Wasicheke sana. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na bahari ile ile unayoogelea mchana kwa raha, ukikaa ndani yake usiku mzima na kusi linavuma, itakuchosha mpaka mikono iachie. Chombo kikipinduka, panda mgongoni mwake, toa kiwiliwili majini kadiri uwezavyo, na usidanganywe na taa za ufukweni. Zinaonekana karibu kuliko zilivyo.

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu huo wa kusi, boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, bahari imechafuka. Ilikuwa imejengwa Marekani kwa ajili ya Puget Sound, ghuba ya huko huko, maji yaliyokingwa na nchi kavu. Abiria angejuaje? Yeye alikuwa na tiketi mkononi.

Kwa hiyo tuzungumze pesa. Tangazo likitoka, abiria anayeahirisha safari abadilishiwe tarehe bila kukatwa hata shilingi. Siku nahodha aliposema leo hatutoki, barafu inayoyeyuka iwe juu ya mwenye chombo, isiandikwe kwenye deni la mabaharia. Mlimani, bahashishi ya wapagazi ikubaliwe kabla ya kuanza kupanda, isingoje picha ya kileleni. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na unapimwa kwenye mizani. Basi na nguo zake zikaguliwe hapo hapo, na kampuni iliyomleta bila koti la mvua wala viatu vya maana isiruhusiwe kupanda.

Wenye vyombo na wenye kampuni watasema ni hasara. Ndiyo, ni hasara, na kati ya wote hawa ni wao wanaoweza kuikatia bima au kuiingiza kwenye bei.