Supu ya Bure Iliyomaliza Gesi

Aliyeeneza habari kwamba supu ya mifupa iliyobaki ni ya bure ajitokeze, kuna watu wanamdai. Bure gani? Bucha ameipima ile mifupa pamoja na nyama, na imelipiwa bei ya nyama. Bado gesi.

Halafu hiyo iliyobaki inabaki nyumba ya nani? Huku kwetu paja la kuku likimalizwa, kinachorudi kwenye sahani ni vumbi. Gegedu limetafunwa, uboho umenyonywa, kilichosalia hata sisimizi wanakipita. Kwa hiyo mifupa ya supu huokolewa kabla haijafika mezani. Ukichambua nyama, mifupa ifunge vizuri, tupa kwenye friza mpaka ifike kilo 1. Miezi 3 inakaa bila shida. Ila usiifiche kwenye kopo la aiskrimu, utakuja kushitakiwa na watoto.

Na si kila mfupa ni mfupa. Fupa refu la ng'ombe lina uboho, linaleta ladha na mafuta, lakini uzito wa supu unatoka kwenye kolajeni, ile protini inayoigandisha ikipoa, nayo iko kwenye magoti, mkia, kongoro na miguu ya kuku. Mbavu tupu za nyama choma zitakupa maji ya moto yenye harufu ya moshi. Kwa kilo 1 ya mabaki ongeza nusu kongoro, au miguu 6 ya kuku. Palipoungua pakwanguliwe kabisa, maana uchungu wa masizi hauchujiki.

Mifupa mibichi ifunike kwa maji baridi, chemsha dakika 10, mwaga, kisha ioshe. Hapo ndipo mtu wa kwanza anaruka: "Jamani, unamwaga supu!" Hiyo si supu. Ni damu na uchafu, na ukiiacha utakunywa kitu chenye rangi ya maji ya dimbwi. Iliyokwisha kupikwa inasuuzwa tu kutoa chumvi na viungo vya jana.

Sasa maji mapya, baridi, lita 2 kwa kilo 1, au yapite juu ya mifupa vidole viwili. Yakikaribia kuchemka engua povu, kisha shusha moto mpaka viputo viwe vinapanda kimojakimoja. Kwa jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu. Kazi imekwisha, inabaki kuilinda sufuria dhidi ya ukoo mzima.

Maana watapita. Wa kwanza anaona moto mdogo, anapepea kwa huruma. Supu ikitokota kwa fujo, mafuta yanavunjikavunjika na kuchanganyika na maji, inakuwa nyeupe na kinywani inateleza. Wa pili anafunua, anamimina jagi la maji baridi "isikaukie". Sufuria inapoa, mkaa unaongezwa, wa kwanza anarudi na kipepeo chake. Maji huongezwa mifupa ikichungulia tu, na yawe ya moto. Wa tatu ndiye hatari kuliko wote: anaonja, anatia chumvi. Lita 2 zikishuka zikawa lita 1 na kidogo, chumvi haipandi na mvuke. Chumvi ni ya mwisho kabisa, bakulini ikiwezekana.

Muda? Kuku saa 3 hadi 4, ng'ombe kama saa 8. Mwenye sufuria ya presha amalize ndani ya saa 2, na mtungi wake utamshukuru. Vichwa na miiba ya samaki ni dakika 30 hadi 40 basi, ukizidisha supu inakuwa chungu. Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga visubiri saa ya mwisho, mapema vinafifia. Ndimu tia ukitaka, inachangamsha. Ila anayekuambia ndimu inatoa kalsiamu yote mfupani anakutania. Inayotoka ni kidogo, glasi ya maziwa inaishinda mbali.

Usiku umeingia, kila mtu amechoka, na sauti inatoka chumbani: "Iache hapo jikoni, asubuhi tutaichemsha tena." Hapana. Sufuria kubwa iliyofunikwa hupoa polepole mno, na kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Vinaamka humo vuguvugu, na sumu za baadhi yao haziondoki hata uchemshe mara ngapi. Chuja, weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, gawa kwenye vyombo vidogo, na ndani ya saa 2 iwe kwenye friji. Humo ni siku 3 au 4, zaidi ya hapo friza.

Asubuhi juu kuna tabaka la mafuta, chini yake supu imeganda, ukitikisa bakuli inatetemeka. Hiyo ndiyo iliyofaulu. Isipoganda, maji yalizidi au magoti na kongoro vilikosekana, na bado inanyweka na chapati. Ila wahi kuamka, kwani kuna mtu atafungua friji, ataona inatetemeka, atasema imeharibika na kuimwaga kwenye sinki. Yale mafuta yakigandia kwenye bomba, fundi hapokei malipo ya supu.