Uko Wapi Saa Hizi?

Ijumaa iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mama na habari za mvua, kisha akaniuliza lile swali ambalo kwetu halikosi kwenye simu: "Dada, uko wapi saa hizi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Niko Seeb."

Akanyamaza. Seeb iko Oman. Mimi naishi Coventry, Uingereza, na huu ni mwaka wa tisa sijaikanyaga Oman. Nilikuwa jikoni kwangu, mwiko mkononi, maharage yanachemka, na mdomo wangu ukataja mji wa bara jingine.

Jioni ile ile maneno yakafika kwenye kundi la familia la WhatsApp. "Dada ana miji mingi mpaka inamchanganya." Mwingine akaongeza kuwa hayo ndiyo maringo ya Ulaya, wao wanajua wako Makorora, Tanga, na hawajawahi kukosea. Binamu yangu mmoja, ambaye nampenda sana, akamalizia: "Si ulienda mwenyewe? Nani alikutuma?" Limenikaa rohoni wiki nzima, ndiyo maana naandika.

Sijidai. Naomba hilo litangulie. Anayejidai anajua aliposimama, anachotaka ni wengine nao wapajue. Langu mimi ni kinyume. Tangu nitoke Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, mwaka 2003 nimekaa nyumba 10: tatu Dar, mbili Oman, tano hapa Uingereza kati ya Leicester, Glasgow na Coventry. Hakuna hata moja niliyotimiza miaka minne. Usiku nikiamka kwenda msalani, mkono unapapasa ukuta kutafuta swichi ya Temeke. Mguu unashuka ngazi ya Glasgow ambayo hapa haipo, na Januari nilianguka kwa sababu hiyo nikateguka kifundo. Kazini kwangu nalea wazee, na wale walioanza kusahau tunawauliza kila asubuhi: leo siku gani, hapa ni wapi? Kuna asubuhi nyingine najijibu mwenyewe kwanza moyoni ndipo niwaulize.

Na mimi ni mtu wa Tanga. Waja leo waondoka leo, ndiyo, lakini mtoto aliyekulia Ngamiani hapotei. Mitaa yetu imepangwa kwa mistari, Barabara ya 1, ya 2, ya 3, mpaka ya 21. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha habari za namba, nimekulia ndani yake. Ila namba zile zilikuwa za kumwelekeza mgeni. Mwenyeji mwili wake ulikuwa unajua. Bandari iko kaskazini ya mji. Kibla nacho kiko kaskazini, kwa sababu kwenye ramani Makka na Tanga zimekaa karibu mstari mmoja, wao juu sisi chini. Baba akisimama kuswali uani alikuwa ameelekea baharini, na meli ikipiga honi ilipiga mbele ya uso wake. Kaskazi ikianza Desemba inakuja kutoka upande ule ule. Kusi ikishika, inakupiga mgongoni. Pande za dunia zenyewe kwa Kiswahili zimepewa majina ya pepo hizo, kaskazini na kusini, kwa hiyo mtoto wa pwani anaposema tu ameshashika dira.

Dar haikunivuruga. Kibla ni kile kile, na Tanga iko kaskazini ya Dar, basi nikitandika mswala Mbagala nilikuwa nimeelekea Makka na nimeelekea kwa mama kwa wakati mmoja. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja mpaka nilipolikosa.

Nililikosa Oman. Nilipofika Seeb mwaka 2011 nilisimama kuswali nikaelekea kaskazini kama nilivyozoea tangu utoto. Bibi wa nyumba niliyokuwa nafanya kazi akanishika mabega taratibu akanigeuza. "Kibla huku, mwanangu," akasema, magharibi. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto: "Na kwetu huku."

Kwetu, alisema. Bibi yule alizaliwa Malindi, Unguja, akaondoka 1964 akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akinituma dukani alikuwa akiniambia, "Shuka mpaka Darajani, kisha ukate kama unakwenda Mchangani." Duka lenyewe lilikuwa hatua 100 kutoka mlangoni, la Mhindi wa Kerala, na hapakuwa na Darajani wala Mchangani pale. Wanawe wakimsahihisha, "Mama, hapa Seeb," anawajibu, "Najua." Kesho yake ni Darajani tena. Mimi nilidhani ni uzee. Lakini bibi huyo huyo alikuwa akipiga hesabu ya matumizi ya mwezi mzima kichwani asikosee hata baisa moja. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alihama mara moja tu maishani mwake, na mtaa ule wa kwanza ukabaki ndani yake mzima, kila mtaa mwingine akaupachika juu ya ule. Hakupotea hata siku moja, alikuwa na Malindi.

Mimi nimehama mara 10. Nikijaribu kufanya kama bibi, nikiambiwa nishuke barabarani, hapa kwenye kona anasimama muuza mihogo wa Tandika, mbele yake taa za Ruwi kule Oman, kisha kile kilima cha Glasgow chenye kituo cha basi. Vipande vyote vya kweli, vyote nimevipita kwa miguu yangu, na haviungani. Nisiposhika simu nikatazama kile kidoti cha buluu cha ramani, hainijii mara moja niko mji gani.

Halafu kuna jua. Hili wenzangu wa nyumbani ndilo linalonishinda kuwaeleza. Saa yetu tumeihesabu kutoka jua linapochomoza: saa moja ni saa moja tangu mchana kuanza, saa kumi na mbili jioni ni magharibi, na unaweza kuijua saa bila kuitazama. Glasgow Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo. Juni linazama saa nne usiku. Saa nne usiku, jamani, na watoto wako nje wanacheza mpira. Mpaka leo najihesabia kwa Kiswahili, lakini neno limeachana na kitu chake. Na adhuhuri huku jua liko kusini mwaka mzima, wakati kwetu Juni linakaa kaskazini, Desemba linakaa kusini, na mara mbili kwa mwaka linapita utosini. Nikitoka kazini mchana natazama kivuli changu kimelala upande mmoja siku zote. Miaka tisa, na bado mwili unasema hiyo si adhuhuri.

Najua mtakachosema. Mtasema sisi tuko kwenye mgao, tunadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wewe mwenye maji ya moto bombani unalalamikia kivuli. Mtaniambia kuna watu waliohamishwa kwa bunduki, wako Nyarugusu na watoto waliozaliwa kambini. Ni kweli, na siwezi kujilinganisha nao hata kwa neno moja. Mimi nilihama kwa hiari yangu: nilifuata kazi, kisha nikafuata ndoa, kisha tukafuata kazi ya mume wangu, na nyumba mbili tuliondoka kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anauza akatupa miezi miwili. Hakuna aliyenionea. Lakini kuhama kwa hiari hakufanyi ukuta ukae palepale unapoupapasa usiku.

Na msidhani nasema nyumbani ndiko kuzuri, huku kubaya. Nina hasira na kwetu pia. Najivunia Dar, mji wenye vituo vya basi vinavyoitwa Kwa Azizi Ally, Kwa Mnyamani, Kwa Msuguri. Mji unaomwelekeza mtu kwa mtu. Nikisimama kituoni hapa Coventry nasoma majina ya barabara ambayo hata majirani zangu hawajui yalitoka wapi. Lakini mwaka 2009, Mbagala, baba mdogo alikuja kututembelea, na saa nane usiku upande mmoja wa mwili ukamlegea. Nikampigia dereva wa teksi tuliyemjua. "Ukifika kwa Mpemba, kata kushoto." Njia ya Charambe usiku ule ilikuwa na Wapemba watatu wenye maduka, na yote yamefungwa, giza, umeme hakuna. Yule kijana alizunguka dakika 50. Nilitoka barabarani na tochi nikawa napunga kama mwendawazimu. Baba mdogo alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukurudi mpaka alipofariki. Dereva simlaumu. Alienda alikoelekezwa. Nikisikia mtu anasema kwetu hatuhitaji namba kwa sababu tunajuana, nauona ule mkono ulivyokuwa unalala pajani.

Kwa hiyo nilifurahi sana mwaka 2022 kabla ya Sensa, anwani za makazi zilipofika mtaani kwetu na nyumba ya mama ikawekewa kibao cha namba. Nilimwambia akipige picha anitumie. Sasa nauliza kila nikipiga simu, bodaboda wanakitumia? Mdogo wangu anacheka: "Dada, wanauliza karibu na nini." Basi kitumieni! Semeni namba, kisha ndiyo mseme karibu na nini. Hilo ni la uhai na kifo, mimi nimelishuhudia.

Huku namba wanaitumia kwelikweli. Postikodi ya Kiingereza ni herufi na tarakimu chache tu, lakini inakufikisha kwenye nyumba kama 15, ukitaja na namba ya mlango umefika. Tulipohamia nyumba ya kwanza hapa Coventry, mwanangu alibanwa na pumu usiku. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikapiga 999, namba ya dharura ya huku, wakaniuliza postikodi, nikaitaja yote bila kusita hata kidogo, sauti imetulia kabisa.

Ilikuwa ya Leicester.

Mume wangu alinisikia kutoka ghorofani, akashuka mbio, akaninyang'anya simu akataja ya kweli. Gari likaja. Mtoto sasa ana miaka 8, anacheza mpira. Lakini nililetewa kila kitu ambacho baba mdogo alikikosa Mbagala, mfumo mzima ulikuwa tayari kuja kwangu, na mimi nikautuma nyumba niliyoihama, kilomita kama 40 kutoka pale alipokuwa mwanangu. Kwetu kama hujijui uliko, mwenzako anakujua: "Aa, huyu ni wa kwa mzee fulani, Barabara ya 12." Huku unatakiwa ujijue mwenyewe, kila siku, na kila ukihama uifute ya jana. Kichwa changu kimekataa kufuta.

Waliotangulia huku wananiambia utazoea. Nimeambiwa utazoea tangu Dar. Nakataa. Mtu anazoea mahali, kuhama hakuzoeleki. Kila nyumba mpya inakuja na giza lake, na ile ya kabla yake haijaondoka. Nimemwambia mume wangu kazi ikitokea mji mwingine nzuri kiasi gani, hatuendi. Tukihama, tuhame ndani ya Coventry, mtoto abaki shule ile ile na mimi nibaki na basi lile lile. Hakulipenda, lakini alikumbuka usiku ule, akakubali. Na nyinyi wa nyumbani nawaomba: nikikosea mji kwenye simu, msinisomee maringo. Niambieni tu, "Dada, uko Coventry," kama watoto wa bibi walivyokuwa wakimwambia mama yao.

Mwezi ujao tunahamia nyumba ya 11, mitaa mitatu kutoka hapa. Juzi tulipewa funguo tukaenda kuiangalia, haina kitu ndani zaidi ya zulia na harufu ya rangi. Kabla ya kuingiza hata sanduku moja, mwanangu alikaa chini akaandika anwani mpya kwa kalamu nene, herufi kubwa, tukaibandika kwenye mlango wa mbele kwa ndani, pale macho yatakapotua mtu akiwa ameshika simu kwa hofu. Chini ya anwani nikamwomba achore mishale miwili. Mmoja wa kibla, kusini mashariki. Wa pili aliuchora baada ya kupima kwenye simu yake mara mbili, ukaenda kando kidogo ya ule wa kwanza, upande wa kulia, akaandika juu yake: Bibi Tanga.