Nani atampigia shangazi simu?

Kikao cha asubuhi kilinoga, sikatai. Madaktari wa moyo wa kanda nzima walikaa ukumbi mmoja na wataalamu wa vinasaba, tukaonyeshwa mashine inayosoma jeni kibao kwa mkupuo mmoja, watu wakapiga picha slaidi hadi simu zikaishiwa chaji. Wakati wa chai muuguzi mmoja akauliza: mgonjwa akishapewa majibu, nani anawaambia ndugu zake? Tukatazamana. "Si mgonjwa mwenyewe?" mmoja akajibu, na kengele ya kurudi ukumbini ikatuokoa.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa mada kuu.

Chukua ule ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa kupita kiasi, ambao wakati mwingine huangusha vijana uwanjani. Unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500. Jeni ya kwanza kuhusishwa nao, MYH7, ilijulikana mwaka 1990. Mzazi akiwa na hitilafu kwenye jeni kama hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Kwa hiyo jibu la maabara halimhusu tu aliyetolewa damu. Linamhusu kaka yake, binti yake, na yule shangazi anayelalamikia kizunguzungu miaka nenda rudi na kupewa vidonge vya kuongeza damu.

Kazi yenyewe huanzia kwenye karatasi tupu. Unachora mti wa ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa mshazari kwa aliyefariki. Mbele yako yuko kijana anayezimia zimia, na kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha QT ndefu, yaani moyo unachelewa kujiweka sawa baada ya kila pigo, hitilafu nyingine ya kurithi inayoweza kumzimisha au kumuua mtu ghafla. Unamuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kufa ghafla. Hakuna, anasema. Unaligeuza swali: je, ajali? Hapo anakumbuka. Mjomba alizama, na kuogelea alikuwa anakujua kweli kweli. Binamu naye gari lilimtoka kwenye barabara iliyonyooka. Kalamu inaanza kukimbia. Katika aina ya kwanza ya QT ndefu, kuogelea ni mojawapo ya vichokozi vikubwa. Katika aina ya pili, hata mlio wa saa ya kuamsha unaweza kumwangusha mtu. Mashine ile ya asubuhi haiwezi kumtoa mjomba huyo majini wala kumwingiza kwenye mchoro. Anayeweza ni mtu mwenye subira, aliyepewa muda na kulipwa kwa kazi hiyo.

Najua hoja ya upande wa pili: siri ya mgonjwa. Ni kweli, daktari hawezi kuchukua simu na kuwapigia ndugu bila ridhaa. Ila tumeigeuza siri kuwa kisingizio cha kumbebesha mgonjwa mzigo wote. Huyu mtu ametoka kuambiwa moyo wake una hitilafu, pengine wiki mbili baada ya msiba, halafu akaeleze maana ya jeni kwa kaka ambaye hawajasemezana tangu wagombanie urithi! Angalau apewe barua iliyoandikwa kwa lugha ya watu, na namba ya kliniki ambayo ikipigwa inapokelewa.

Na ndugu hao tunawahitaji hata sisi. Mara nyingi maabara hurudisha badiliko la jeni ambalo halijulikani kama lina madhara. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya mabadiliko yaliyokuwa yakilaumiwa kwa ugonjwa huo wa msuli wa moyo ni ya kawaida tu kwa Wamarekani weusi, na kuna waliopewa majibu yasiyo sahihi. Kundi la watu wasio wagonjwa lililotumika kulinganishia lilikuwa na weusi wachache mno. Ukiwapima ndugu walio wagonjwa na wasio wagonjwa, unaanza kuona kama badiliko hilo linafuatana na ugonjwa au linapita tu.

Ningependa kikao kijacho kila kliniki ije na hesabu moja: kwa kila mgonjwa aliyegundulika, ndugu wangapi wamepimwa. Nadhani wengi wetu tungeona haya.

Siku ya mwisho tuligawiwa fomu za tathmini. Ukumbi, chakula, sauti ya vipaza sauti, vyote vilikuwa na visanduku vyake vya kuweka vema. Swali la yule muuguzi nikalibana kwenye "mengineyo", mistari miwili.