Kocha wa Dakika Arobaini

Kosa lilikuwa la fulana. Nyeusi, ina mstari mwembamba wa kijani mabegani, na niliichagua kwa sababu moja tu: ndiyo pekee isiyokuwa na tundu kwapani.

Nilikuwa nimeahirisha kwenda jimu kwa miezi minne. Jumatatu nasema kesho, kesho inakuja na mafua, mafua yakipona inakuja mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Si vyuma, chuma hakina macho. Nilikuwa nawaogopa watu wenye shingo nene kuliko paja langu, wakinitazama nikiizunguka mashine nisiyojua hata inakaliwa wapi.

Kilichonitoa nyumbani ni utafiti. Nilisoma kwamba wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lao mwaka 2000. Walimvalisha mwanafunzi fulana ya kumtia aibu, yenye picha ya mwimbaji, wakamwingiza kwenye chumba kilichojaa wenzake. Mvaaji akiulizwa ni wangapi wameiona picha, anakadiria karibu nusu ya watu. Kumbe walioiona ni kama robo tu. Nikajipa moyo. Nani basi atahangaika na fulana yangu?

Walihangaika nayo wote. Makocha wa ile jimu walikuwa wanavaa fulana nyeusi zenye mstari wa kijani mabegani.

Mimi sikulijua hilo. Niliingia, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukimbilia, maana kutembea ni kitu ninachokijua tangu utotoni. (Mashine hii ina ukoo mbaya. Babu yake ni gurudumu la ngazi alilobuni mhandisi Mwingereza William Cubitt mwaka 1818 ili wafungwa wakanyage kutwa nzima wasikae bure. Wao walilazimishwa. Sisi tunalipia.) Ina kikamba chekundu chenye kibanio: unakibana kwenye nguo, na ukirudi nyuma kupita kiasi kinachomoka, mashine inasimama. Nikakibana kifuani. Nikatembea kwa kasi ya kilomita nne kwa saa, kifua mbele. Nilipotosheka nikashuka bila kukibandua. Kikachomoka, mashine ikazima yenyewe nyuma yangu. Nadhani kwa aliyekuwa pembeni ilionekana kama ufundi.

Na pembeni alikuwepo mtu. Mama wa makamo, miwani, mkoba kaukumbatia kama mtu aliye ndani ya basi lenye vibaka.

"Samahani, kocha," akasema kwa sauti ndogo. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Naogopa nitaharibu kitu."

Mtu mwenye akili zake angesema, "Mama, mimi si kocha." Nilifungua mdomo nikiwa na nia hiyo kabisa. Kilichotoka ni: "Usiogope, mama. Karibu."

Naomba nieleweke. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa kocha. Shuleni, timu zikigawanywa, mimi nilikuwa nagawiwa pamoja na mpira. Sasa mtu mzima ananitazama kama naujua mwili wa binadamu ndani na nje! Halafu hofu yangu yote ikayeyuka. Ukimwambia mwenzako "usiogope" kwa sauti ya kutosha, hata wewe unasikia.

Kumbe hata kijana mwembamba aliyejificha nyuma ya nguzo alikuwa anasikia. Akasogea. Kisha akaja mzee mwenye taulo shingoni, ambaye daktari wake alimwagiza afanye mazoezi walau dakika 150 kwa wiki.

"Na za kubadilisha nguo zimo?" akaniuliza.

"Zimo," nikamwambia.

Nikawa na darasa. Nikawapasha mwili moto kwa kuwazungusha mikono, nikitumia maneno mawili ambayo hayawezi kumpoteza mtu: "pumua" na "nyoosha mgongo". Walipumua. Walinyoosha. Dakika thelathini zilipita vizuri mno, na hapo ndipo ningeaga nikaondoka na heshima yangu. Lakini mzee akaionyesha kwa kidole mashine ya kuvuta na kusema, "Na ile?"

Ile ina kiti, na juu ya kiti inaning'inia fimbo ndefu iliyopinda kwenye ncha. Fimbo imefungwa waya, waya unapita kwenye kapi kule juu, unashuka nyuma hadi kwenye vyuma vilivyopangwa kama matofali. Kila tofali lina namba. Kati ya matofali imechomekwa pini yenye kichwa cha njano, na aliyetangulia alikuwa ameiacha kwenye 90.

"Hiyo 90 ni nini, kocha?" akauliza kijana.

"Namba ya mashine."

Mimi nina kilo 56.

Nikairukia fimbo, maana ni mfupi, nikavuta. Hakuna kilichotikisika. Nikavuta tena nikiwa nimefumba macho. Wapi! "Imekaza," nikasema. "Hawajaitia mafuta. Hebu nisaidieni."

Wanafunzi wangu walikuwa na moyo, siwezi kuwasema vibaya. Mama akaweka mkoba chini kwa mara ya kwanza, kijana akashika ncha moja, mzee ncha nyingine. Moja, mbili, tatu. Vyuma vikapanda kwa mlio wa lango la zamani, fimbo ikashuka hadi kifuani mwangu.

"Safi kabisa!" nikapiga kelele. "Sasa tuachie taratibu!"

Sikujua kwamba "tuachie" inafika masikioni kabla ya "taratibu".

Wao wakaachia. Mimi sikuachia. Kilo 90 zikaamua kushuka, na kilo 56 hazikuwa na la kusema. Nilipaa. Vyuma vikatua kwa kishindo kilichozima mazungumzo yote, na mimi nikabaki naning'inia, vidole vya miguu vikitafuta sakafu kama mtu anayetafuta kandambili gizani. Ningeweza kuachia. Nilikuja kuambiwa kwamba kutoka soli hadi sakafu palikuwa na upana wa kiganja tu. Lakini mikono ilikuwa haipokei tena maagizo.

Muziki tu ndio uliendelea. Mama akaanza kupiga makofi. Mzee akajifuta jasho kwa taulo, akanitazama kule juu kwa adabu.

"Na hili tulifanye mara ngapi?"

Ndipo akatokea mwanamume wa fulana nyeusi yenye mstari wa kijani. Akaitazama yangu. Akaitazama yake.

"Kocha, habari za kazi?"

"Nzuri," nikamjibu nikiwa hewani.

Hakunifokea. Alinishika kiunoni akanishusha kama mtungi kutoka rafuni, kisha akafanya yote niliyopaswa kuyafanya. Akachomoa pini, akaichomeka kwenye 10. Akamkalisha mama, akashusha ule mto wa juu hadi ukabana mapaja. "Huu ndio unaokuzuia kwenda mbinguni," akasema bila kunitazama. Fimbo ivutwe hadi juu ya kifua, si nyuma ya shingo. Pumzi itoke unapovuta. Urudishe polepole, usiiache ikurudishe. Mama akavuta mara kumi. Ya tisa na ya kumi zilimpa shida kidogo, na kocha akasema hapo ndipo penyewe.

"Ndio hivyo tu?" mama akauliza.

"Ndio hivyo tu."

Akafuata kijana, akafuata mzee. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na hiyo 10 nilivuta mara sita.

Wakati wa kuondoka ilibidi niungame. Nikamwambia mama kwamba hata mimi ilikuwa siku yangu ya kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, asante," akasema. "Nilikuja naogopa kutazamwa. Tangu ulivyopaa pale, hakuna hata mmoja aliyenitazama."

Kesho yake sikuumwa popote, nikajisifu. Keshokutwa mikono iligoma kupanda juu ya mabega. Nasikia ni kawaida kwa anayeanza, maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72. Mswaki niliushika ukiwa umetulia, nikawa natikisa kichwa.

Wiki iliyofuata nilirudi na fulana mpya kabisa, ya kijivu, haina mstari wala neno. Mama alikuwa tayari kwenye ile mashine, pini iko 15, akanipungia mkono na kuita "Kocha!" jimu nzima ikageuka. Nikainamisha kichwa, nikaelekea kwenye mashine ya kukimbilia. Kabla sijafika nikaguswa bega.

"Samahani, kaka. Kule vyooni sabuni imekwisha."

Nikaitazama fulana yangu. Kijivu. Nikamtazama kijana aliyekuwa anasukuma ndoo na fagio kwenye kona. Kijivu.

Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema ukweli.

"Naileta sasa hivi," nikasema.