Siafu Kwenye Kilemba cha Mama Mkwe

Jamani, nani alimwambia mama mkwe kwamba mimi ni mtu wa kompyuta? Niliwahi kumtengenezea redio mara moja tu, tena nilichobadilisha ni betri.

Jumamosi kanitumia picha WhatsApp. Kasimama uani, kilemba rangi ya maziwa, nyuma ukuta rangi ya maziwa. "Baba, nitolee hivyo vya nyuma, inaenda kwenye kadi ya sendofu."

Kazi ya dakika mbili, nikajisemea. Nikafungua GIMP, programu ya kuhariri picha, ya bure, maana zile za kulipia kila mwezi zinagombana na ada ya watoto. Nikashika fimbo ya uchawi, kile kifaa cha kuchagua sehemu ya picha, nikabofya ukuta. Siafu wakaanza kutembea, ile mistari ya vidoti inayozunguka ulichochagua. Nikafuta kwa mbwembwe. Ukuta ukaenda. Kilemba kikaufuata. Na nusu ya paji la uso, kwa kuwa liling'aa mafuta. Fimbo haijui mkwe, inajua rangi zinazofanana na kupakana. Kiwango cha kuvumilia tofauti za rangi kilikuwa 15, mimi kwa haraka zangu nikakivuta hadi 90.

Nikatendua. Nikaanza kidogo kidogo, nikazungushia sikio siafu. Kisha nikashika brashi niufunike ukuta kwa mkono. Haipaki! Nasugua, wapi. Nikazima mashine, nikawasha, nikazungushia sikio tena, bado. Kumbe siafu wapo, nimesogeza picha karibu mno hata siwaoni. Wakishazunguka kitu, brashi inafanya kazi humo ndani tu; nje hata uape.

Mwalimu wa video akasema Ctrl+D, watatawanyika. Nikabonyeza. Akatokea mama mkwe wa pili. Nikabonyeza tena, wa tatu. Mwalimu alikuwa anafundisha Photoshop, mojawapo ya zile za kulipia. Huku kwetu hiyo inanakili picha nzima, siafu wanafukuzwa kwa Ctrl+Shift+A. Saa sita usiku, wakwe watano wamenikazia macho.

Ndipo nikakutana na barakoa. Mke wangu kusikia "namvalisha mama barakoa" akakurupuka kitandani: "Corona imerudi?" Hapana, mama watoto. Hii inafunika tabaka la picha: ukipaka nyeusi kitu kinajificha, ukipaka nyeupe kinarudi, kijivu kinabaki kama mzimu. Hakifutwi kitu. Nikakirudisha kilemba, mkunjo kwa mkunjo, kwa brashi yenye kingo laini, mpaka adhana ya alfajiri.

Nikatuma. Simu ikaita hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Ukuta wangu uko wapi? Juzi tu nimeupaka rangi! Mimi nilisema ile kamba ya nguo!"

Nikamtuliza, ukuta upo, umejificha tu. Nikakimbilia kompyuta. Nilichohifadhi ni JPG, picha tupu isiyo na matabaka. Ile ya XCF, inayotunza matabaka na barakoa zake, niliulizwa kama niihifadhi, nikajibu hapana kwa usingizi.

Sasa niko kwenye kamba. Ina vibanio 14. Vya rangi ya maziwa.