Rais wa Marekani kasaini, sawa, halafu?

Kila Rais mpya wa Marekani akiingia, zile picha zinarudi kwenye magrupu. Mzee kakaa mezani, kashika peni nene, anawaonyesha wapiga picha saini yake, na chini mtu kaandika "kafuta sheria zote za mazingira", au ikiwa ni wa chama kile kingine basi "kaokoa dunia". Jamani. Ile karatasi mara nyingi ni maagizo ya bosi kwa wafanyakazi wake tu, na kazi yenyewe hapo ndo kwanza haijaanza.

Iko hivi. Bunge lao linatunga sheria kwa maneno mapana, kama ile ya hewa safi ya 1970, au ya maji safi ya 1972 ambayo Rais Nixon aliikataa na Bunge likaipitisha vile vile bila yeye (na huyo huyo Nixon ndo aliyeanzisha EPA, shirika lao la mazingira, 1970, siasa bwana). Sheria haikai kukuambia mtambo fulani utoe moshi kiasi gani, hiyo wanaachiwa EPA waandike kanuni. Na kanuni haiandikwi usiku ikaanza asubuhi, kuna sheria ya 1946 inayowabana: toa rasimu kwenye gazeti la serikali, Federal Register, pokea maoni ya yeyote anayetaka kusema, yale ya maana yajibu, eleza sababu zako. Ikulu nako kuna ofisi inayokagua hesabu za gharama na faida. Baada ya yote hayo ndo unashtakiwa, maana lazima tu mtu atakushtaki, kama sio makampuni ni wanaharakati, kama sio hao ni majimbo.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba kuifuta kanuni unapita njia ile ile, na huwezi kusema "mimi siipendi" ukaishia hapo, lazima utoe sababu jaji azielewe. Trump muhula wa kwanza alipoteza kesi kadhaa kwa sababu watu wake waliruka hatua.

Chukua ile kanuni ya Obama ya mitambo ya umeme, Clean Power Plan, ya 2015. Maoni zaidi ya milioni 4 yalitumwa, milioni 4! Lengo lilikuwa kupunguza hewa ukaa ya mitambo kwa asilimia 32 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2005. Februari 2016 Mahakama ya Juu ikaisimamisha, kura 5 kwa 4, hata mahakama ya chini haijatoa uamuzi. Trump akaifuta 2019 akaweka yake nyepesi, ile nyepesi nayo mahakama ikaitupa Januari 2021, siku moja kabla Biden hajaapishwa. 2022 Mahakama ya Juu ikarudi tena kwenye ile ya Obama, kanuni ambayo haijawahi kufanya kazi hata siku moja, ikasema 6 kwa 3 kwamba EPA haina mamlaka ya kuhamisha nchi nzima kutoka makaa ya mawe, jambo zito kama hilo lazima Bunge liseme lenyewe. Biden akaandika nyingine 2024, Trump aliporudi 2025 akaanza kuifuta. Kumbe wakati wote huo wanavutana, lile lengo la asilimia 32 lilishafikiwa karibu miaka kumi kabla ya muda wake, kwa sababu gesi ilishuka bei, upepo na jua navyo vikashuka, na wenye mitambo ya makaa wakaifunga wenyewe. Mawakili tu ndo walikula vizuri hapo.

Wengi wanalaumu mahakama, wengine EPA. Mimi lawama yangu naipeleka Bungeni. Sheria ya hewa mara ya mwisho kufanyiwa marekebisho makubwa ilikuwa 1990, enzi za Bush mkubwa. 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kudhibiti hewa ukaa, Seneti wakauacha ufe. Kwa hiyo kila Rais anachukua nguo ya 1970 anajaribu kuivuta imtoshe, na kila akivuta jaji anauliza, hapa Bunge lilisema wapi? 2024 Mahakama ya Juu ikabana zaidi, ule utaratibu wa tangu 1984 wa majaji kuikubali tafsiri ya shirika pale sheria inapokuwa na utata, kama tafsiri yenyewe inaingia akilini, ukafutwa.

Na sio makampuni makubwa tu yanayoumia na huu utata. Kule Idaho karibu na ziwa Priest Lake kuna mke na mume, kina Sackett, 2007 walimwaga kokoto kwenye kiwanja chao wajenge nyumba, EPA wakawaambia hapo ni ardhi oevu, rudisheni kama ilivyokuwa la sivyo faini, na faini yenyewe ni makumi ya maelfu ya dola kwa siku! Kesi ilifika Mahakama ya Juu mara mbili, 2012 na 2023. Majaji wote 9 wakakubaliana kwamba hao wawili washinde, ila kwenye kipimo cha nchi nzima wakagawanyika 5 kwa 4, na wale watano wakasema ardhi oevu inalindwa na ile sheria ya maji safi kama maji yake yameungana moja kwa moja juu ya ardhi na mto au ziwa linalolindwa. Mimi kina Sackett nawaonea huruma kabisa, miaka 16 kwa ajili ya kiwanja, lakini ule uamuzi umeacha mabwawa na matope mengi Marekani bila ulinzi wa serikali kuu, na Bunge lingeweza kulinyoosha hilo kwa aya mbili tu tangu zamani.

Halafu Bunge likiamka, ona linaamkia nini. Kuna sheria ya 1996 inayoliruhusu kuua kanuni mpya kwa kura za kawaida tu, bila ule mlolongo wote, na shirika likakatazwa kurudi na kanuni inayofanana nayo. 2017 waliitumia kuua kanuni ya kulinda vijito dhidi ya uchafu wa migodi ya makaa. 2025 wakaigeuzia California, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipewa ruhusa ya EPA kuweka viwango vyake vya moshi wa magari, ingawa mkaguzi wao wa serikali alishasema ruhusa sio kanuni. Trump akasaini Juni 12, na California na majimbo mengine kumi wakafungua kesi siku hiyo hiyo.