Vigogo wa Soko Huria: Nani Alimpandisha Liz Truss, na Nani Alimshusha?

Mwishoni mwa Desemba 2023, Liz Truss, waziri mkuu wa Uingereza aliyedumu madarakani siku 49 tu, alitumia haki ya desturi ya kiongozi anayeondoka: kupendekeza watu wa kutunukiwa vyeo. Watatu waliingia Baraza la Malodi, yaani bunge la juu lisilochaguliwa na wananchi, na kiti cha huko ni cha maisha. Ruth Porter alikuwa msaidizi wake serikalini, na kabla ya hapo alifanya kazi Institute of Economic Affairs (IEA), taasisi ya ushawishi inayopigania soko huria. Matthew Elliott alianzisha TaxPayers' Alliance, kikundi kinachopigania kodi ndogo, kisha akawa mtendaji mkuu wa Vote Leave, kampeni ya mwaka 2016 ya kuitoa nchi Umoja wa Ulaya. Jon Moynihan aliongoza kamati ya fedha ya kampeni hiyohiyo.

Kwa wakosoaji, orodha hiyo inatosha kama ushahidi. Wanasema Uingereza inaendeshwa na kijiji kidogo kilichojibanza mitaa michache karibu na Bunge, hasa Tufton Street, ambako watu walewale huhama kutoka taasisi ya ushawishi kwenda ofisi ya waziri, kisha kwenye kiti cha ulodi. Watetezi wao wanacheka. Wanauliza: hawa wamejificha wapi? Ripoti zao huchapishwa na mikutano yao huripotiwa. Tena mrengo wa kushoto nao una taasisi zake: Fabian Society ipo tangu 1884, na Torsten Bell alitoka kuongoza Resolution Foundation akaingia bungeni 2024 kwa tiketi ya Labour, na muda si mrefu akawa waziri.

Utetezi huo una uzito kuliko wakosoaji wanavyopenda kukiri. Mwanzilishi wa IEA, Antony Fisher, tajiri wa ufugaji wa kuku, alitaka kuingia siasa. Mwanauchumi Friedrich Hayek akamkataza: siasa hufuata fikra, basi kashughulike na wenye fikra. IEA ikaanza 1955, na kwa takriban miaka ishirini ilionekana kikundi cha watu wa pembeni. Kilichoipa nafasi ni mgogoro. Mfumuko wa bei ulipozidi asilimia 20 mwaka 1975, na mwaka uliofuata serikali ya Labour ikalazimika kukopa IMF, wanasiasa walitafuta mpango mwingine wakaukuta umeshaandikwa. Hapo ndipo ninapoona nguvu halisi ya mitandao hii: kuwa na karatasi tayari, na mtu wa kuisimamia, siku ambayo waziri hana jibu.

Mwaka 2022, mtandao huu ulipoingia serikalini na Truss, mambo yakaenda mrama. Septemba 8, siku mbili baada ya Truss kushika madaraka, Katibu Mkuu wa Hazina, Tom Scholar, alifukuzwa. Septemba 23 Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng akatangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45, likiwemo la kufuta kiwango cha juu cha kodi ya mapato, bila makadirio ya ofisi huru ya bajeti. Pauni ikaporomoka hadi kiwango cha chini kabisa katika historia yake dhidi ya dola, riba za hatifungani za serikali zikapaa, na Septemba 28 Benki Kuu ikaingia sokoni kuokoa mifuko ya pensheni. Oktoba 14 Kwarteng akafukuzwa kazi. Oktoba 20 Truss mwenyewe akatangaza kujiuzulu. Watu walioliabudu soko walifukuzwa na soko.

Truss hulaumu taasisi: Hazina, Benki Kuu na wachambuzi wa bajeti. Tusimpuuze moja kwa moja. Mifuko ya pensheni ilikuwa imejifunga kwenye mikopo hatari ambayo wasimamizi waliiacha ikue, na sehemu kubwa ya mporomoko wa bei za hatifungani ilitokana na mifuko hiyo kulazimika kuziuza. Lakini aliyewasha kiberiti ni nani? Walionukuu jina la Margaret Thatcher, waziri mkuu wa 1979 hadi 1990, kila asubuhi walisahau bajeti yake ya 1981: ilipandisha kodi, katikati ya mdororo, kwa sababu nakisi ilimtisha. Walichukua kaulimbiu zake wakaacha hesabu.

Ukiniuliza mimi, tatizo si kuamini soko huria. Rishi Sunak, mpinzani wa Truss katika kinyang'anyiro cha uongozi wa chama, aliyetoka benki ya Goldman Sachs, analiamini pia, na ndiye aliyeonya wakati wa kampeni ya uongozi kwamba mpango wa Truss ungeleta balaa. Tatizo ni duara la watu wanaokubaliana wao kwa wao kiasi kwamba anayepinga anaonekana adui, na wafadhili ambao mwananchi hawajui. Gharama hulipwa na wengine, mara nyingine mbali. Kampuni ya ushauri iliyozaliwa na Adam Smith Institute ya London ililipwa kwa fedha za misaada ya Uingereza kuishauri Tanzania kuhusu ubinafsishaji. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa City Water, yenye mbia wa Kiingereza. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Huko kwao Uingereza, Thames Water, kampuni ya maji iliyobinafsishwa 1989, kufikia 2024 ilikuwa imezama katika madeni ya zaidi ya pauni bilioni 15.

Kujuana peke yake hakufungui kila mlango, hilo nalo lisemwe. Mwaka 2020 David Cameron, waziri mkuu wa zamani, aliwatumia mawaziri ujumbe wa simu, akiwemo Sunak aliyekuwa Waziri wa Fedha, akiiombea kampuni ya fedha ya Greensill nafasi katika mpango wa Hazina na Benki Kuu wa kuzikopesha kampuni kubwa wakati wa Covid. Hazina ilikataa, na kampuni ikafilisika Machi 2021. Msimamizi wa daftari la washawishi alipochunguza, aliona hakuna kosa: Cameron alikuwa mwajiriwa wa Greensill, na sheria ya 2014, iliyopitishwa na serikali yake mwenyewe, inawataka kujisajili mawakala wa kukodiwa tu.